Homa ikigoma kushuka, mtaje na ng'ombe wako kwa daktari

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KATIKA nyumba nyingi za Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, ng'ombe halali mbali na watu. Banda lake liko hatua chache kutoka jikoni, katikati ya migomba. Majani anakatiwa na kuletewa, samadi yake inarudi kihambani, na maziwa yake ndiyo ada ya shule, sabuni na chai ya asubuhi.

Lakini mtu wa nyumba hiyo akishikwa na homa, familia hutaja kila kitu isipokuwa huyo ng'ombe. Watataja mbu, maji ya mfereji, mvua ya juzi, hata chakula cha msibani. Wakifika hospitali, daktari naye mara nyingi hamuulizi. Atauliza homa imeanza lini, kama kuna kutapika, kama mgonjwa amesafiri. Swali la "mnafuga nini nyumbani?" halipo kwenye orodha.

Ukimya huo una gharama, na gharama yenyewe imepimwa hapa hapa Moshi.

Wagonjwa 870, malaria 14

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti wa Hospitali ya Rufaa ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa katika hospitali mbili za mjini Moshi, KCMC yenyewe na Mawenzi. Walikuwemo watoto na watu wazima. Damu zao zilichukuliwa na kupimwa magonjwa mengi ambayo maabara zetu za kawaida hazina uwezo wa kuyapima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, mwandishi wa kwanza akiwa Profesa John Crump.

Wagonjwa 528 kati ya hao 870, sawa na asilimia 60.7, waliandikiwa kwamba wana malaria. Waliokutwa na malaria kweli ni 14 tu, yaani asilimia 1.6.

Hao wengine walikuwa wanaumwa nini? Wapo waliokuwa na bakteria kwenye damu, na wapo 55 waliokuwa na chikungunya. Ila kundi lililoshangaza wengi ni la wagonjwa 118 waliokutwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama. Hao ni asilimia 26.2 ya waliopimwa magonjwa hayo, au zaidi ya mmoja katika kila wagonjwa wanne.

Kati ya hao 118, wagonjwa 40 walikuwa na leptospirosisi, 36 walikuwa na homa inayoenezwa na kupe, 24 walikuwa na homa ya Q, 16 walikuwa na bruselosi na wawili walikuwa na aina ya homa ya tifasi.

Kisha kuna jambo moja ambalo kila mzazi anayefuga angelikumbuka. Katika mafaili ya wagonjwa wote hao, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wa kutoka kwa wanyama uliandikwa miongoni mwa magonjwa aliyoshukiwa kuwa nayo siku ya kulazwa. Haukushukiwa kwa mtu yeyote.

Sasa kuna kipimo, bado kuna pengo

Ni rahisi kuwalaumu madaktari, na si haki. Kwa miaka mingi nchi nzima ilifundishwa kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na somo hilo liliokoa maisha ya watoto wengi sehemu za mabondeni na pwani. Ila mlimani, kwenye baridi, mbu wa malaria ni wachache, na somo lile lile likawa linaficha magonjwa mengine. Tayari mwaka 2004 utafiti mwingine uliohusisha hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kutibiwa malaria, waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa 2,062, chini ya nusu.

Leo hali ni nafuu kidogo. Kipimo cha haraka cha malaria kinapatikana hadi zahanati, na majibu hutoka ndani ya robo saa. Lakini kipimo kinachosema si malaria hakijasema ni nini. Hapo ndipo mgonjwa anapoanza safari nyingine: mara taifodi, mara UTI, mara "una uchovu tu, pumzika". Anabadilishiwa vidonge wiki hadi wiki. Fedha inakwisha na homa ipo pale pale.

Watibabu 62 waulizwa

Baada ya matokeo yale, watafiti walirudi kuwauliza watoa huduma wenyewe. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 walihojiwa watu 62 wa Moshi, 52 wakiwa wanaotibu binadamu na 10 wakiwa wanaotibu mifugo. Waliulizwa wanayafahamu magonjwa gani ya wanyama yanayoambukiza watu.

Bruselosi ilifahamika, kwani 60 kati yao walikuwa wameisikia. Leptospirosisi iliwahi kusikika kwa 26 tu. Homa ya Q ilisikika kwa 20. Na walipoulizwa wameona wagonjwa wangapi katika miezi 12 iliyopita, hakuna aliyeripoti hata mgonjwa mmoja wa leptospirosisi au wa homa ya Q. Haya ndiyo magonjwa yale yale yaliyokutwa kwa wagonjwa 64 katika hospitali mbili za mji huo huo kwa mwaka mmoja.

Wengi wa waliohojiwa hawakukana tatizo. Walisema wanajua malaria inaandikwa kupita kiasi, na wakataja sababu mbili zinazowakwamisha: elimu ndogo juu ya magonjwa haya na ukosefu wa vipimo. Muuguzi wa zahanati hawezi kupima asichokuwa na kifaa chake. Anachoweza ni kushuku na kumpeleka mgonjwa mbele, na ili ashuku, lazima apewe habari. Habari hiyo anayo mwenye ng'ombe.

Usimlaumu panya peke yake

Leptospirosisi ilipata jina la Kiswahili Julai 2022. Wakati huo watu wa Lindi waliugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, na hofu ikaenea nchi nzima. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa huo ni leptospirosisi, au homa ya mgunda, maana yake homa ya shambani. Wakati wa tangazo lile wagonjwa walikuwa 20, na watatu walikuwa wamefariki.

Bakteria wake huishi kwenye figo za mnyama na kutoka na mkojo. Mtu huambukizwa mkojo huo, au maji na tope lililochanganyika nao, yanapogusa mchubuko, macho au mdomo.

Watu wengi wakisikia homa ya mgunda hufikiria panya. Sehemu nyingine za nchi panya kweli wamekutwa nao. Lakini huku kaskazini, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulileta picha tofauti. Panya 384 walinaswa na kupimwa, na hakuna aliyekutwa na bakteria hao. Ng'ombe 452 walipimwa, na wapatao 7 katika kila 100 walikuwa nao. Kwa mbuzi na kondoo, ilikuwa karibu mmoja katika kila 100.

Utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2018 uliangalia wagonjwa wenyewe na kazi zao. Waliokuwa katika hatari zaidi ya kuugua ni wanaolima mpunga, wanaosafisha kinyesi cha ng'ombe, wanaowalisha ng'ombe na wanaofanya kazi za shamba kwa jumla. Kadiri mtu alivyokutana na mkojo wa ng'ombe mara nyingi ndivyo hatari ilivyopanda.

Sasa fikiria nyumbani kwako ni nani anayefanya kazi hizo. Mara nyingi ni mama anayezoa samadi alfajiri akiwa na kandambili, mtoto anayepeleka majani bandani kabla ya kwenda shule, na kijana wa kazi ambaye hakuna anayemuuliza kama mguu wake una kidonda. Kuna pia wanaokusanya mkojo wa ng'ombe kwenye ndoo ili wapulizie mboga dhidi ya wadudu, mikono mitupu. Na huko tambarare, kwenye majaruba ya Mabogini na Chekereni, mtu hushinda ndani ya maji hadi magotini.

Homa yenye jina la swali

Homa ya Q iligunduliwa miaka ya 1930 huko Queensland, Australia, kwa wafanyakazi wa machinjio walioumwa homa isiyoeleweka. Herufi Q ilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya swali, kwa sababu madaktari hawakujua ni kitu gani. Kwa familia nyingi za mlimani, hadi leo bado ni swali.

Bakteria wake hujaa kwenye kondo na maji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Vikikauka huwa vumbi, na mtu huvuta ugonjwa kwa pumzi tu bila hata kumgusa mnyama. Kuanzia mwaka huo huo wa 2007, Uholanzi ilipata mlipuko mkubwa uliotokana na mashamba ya mbuzi wa maziwa. Hadi mwaka 2010 zaidi ya wagonjwa 4,000 walikuwa wameripotiwa, na mbuzi wengi waliuawa ili kuuzima. Kule kulikuwa na maabara za kuhesabu. Huku Moshi wagonjwa walipatikana kwa sababu tu utafiti ulikuwa umepita.

Homa hii mara nyingi hufanana na mafua makali au nimonia na kuisha yenyewe. Lakini kwa baadhi ya watu hukaa mwilini na kuharibu vali za moyo, na kwa mjamzito inaweza kuhatarisha mimba.

Maziwa, mtindi na sherehe za Desemba

Bruselosi ni ndugu wa zamani. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alimtambua bakteria wake kisiwani Malta, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kuwa chanzo chake ni mbuzi. Askari walikuwa wakinywa maziwa mabichi ya mbuzi wa kisiwani. Zaidi ya miaka 100 baadaye njia ni ile ile: maziwa yasiyochemshwa, na mikono iliyomzalisha mnyama mwenye ugonjwa.

Ugonjwa huu una hila ya kutokuwa na haraka. Homa hupanda na kushuka, jasho hutoka usiku, viungo na kiuno huuma, hamu ya kula hupotea. Wanaume wengine huvimba korodani. Mzee atasema ni umri, kijana atasema ni kazi nzito. Miezi inapita. Huko bandani, dalili yake kubwa ni ng'ombe kutupa mimba ikiwa imekwisha kukomaa, na hapo nyumba inapoteza ndama na maziwa ya msimu mzima.

Wapo wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayatoi mtindi mzuri. Si kweli. Yachemshe mpaka yafoke, yaache yapoe hadi yawe ya uvuguvugu, kisha tia kijiko cha mtindi uliopita, funika na uweke mahali pa joto. Yataganda. Uchachu peke yake hauaminiki kuua bakteria wa bruselosi, moto unaaminika.

Desemba ina hesabu yake. Wachagga wanaporudi nyumbani kula Krismasi, mbuzi wanachinjwa kila boma, kisusio kinapikwa, na watoto wa mjini wanaonjeshwa maziwa "ya kutoka kwa ng'ombe mwenyewe". Kisusio kilichochemka sawasawa hakina neno. Hatari iko kwenye damu inayoonjwa mbichi, maziwa ya moja kwa moja kutoka kwenye ndoo na mkono wenye mchubuko unaochuna na kupasua.

Homa ya mgunda huweza kuchukua hadi wiki nne kujitokeza, homa ya Q wiki mbili hadi tatu, na bruselosi wiki kadhaa au hata miezi. Kwa hiyo homa inayomlaza mtu Dar es Salaam mwishoni mwa Januari inaweza kuwa imetoka bandani Marangu. Daktari wa Kinondoni hatalijua hilo asipoambiwa.

Mtoto akiwa na homa

Homa isiyo na jina haikai bila jina kwa muda mrefu, watu huipa. Kwa watoto wachanga, jina moja baya ni "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Mtoto akiwa na homa na kuharisha, wapo wanaomfunua ufizi, wakaona uvimbe mweupe na kumpeleka kwa mtu akaung'oe. Watafiti wa afya ya kinywa nchini wameliandika jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinachong'olewa ni jino la kawaida ambalo halijaota, hasa chonge, na mara nyingi kwa kifaa kisicho safi. Mtoto hupata kidonda, hupoteza damu, huweza kupata pepopunda, na chanzo cha homa yake hakijaguswa. Hata kama zahanati yenu haina daktari wa meno, mtoto mwenye homa apelekwe hapo hapo zahanati.

Mambo ya kufanya nyumbani

Hakuna haja ya kumwogopa ng'ombe wala kumuuza. Mengi yanazuilika kwa gharama ndogo.

Vaa buti za mpira unapoingia bandani, na funika kidonda chochote kabla ya kushika samadi au mkojo. Nawa kwa sabuni ukitoka.

Usimzalishe mnyama wala kushika kondo kwa mikono mitupu. Kama glavu hakuna, mifuko ya plastiki mizima ni afadhali kuliko ngozi yako. Kondo na mimba iliyotupwa vifukiwe kwenye shimo refu, visitupiwe mbwa. Mjamzito na watoto wakae mbali.

Chemsha maziwa yote, ya kunywa, ya mtindi na ya mtoto.

Ogesha mifugo dawa ya kupe, na usiwakamue kupe kwa vidole.

Ng'ombe akitupa mimba, mwite bwana mifugo. Muulize pia kuhusu chanjo ya bruselosi, ambayo kwa kawaida hupewa ndama jike wa miezi 3 hadi 8.

Mnyama akifa ghafla, hasa akitoka damu isiyoganda, usimpasue na usimle. Inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaojirudia mikoa hii ya kaskazini. Toa taarifa.

Cha kumwambia daktari

Mengi ya magonjwa haya yanatibika kwa dawa zilizozoeleka. Doksisaiklini, kwa mfano, hutumika kwa homa ya mgunda, homa ya Q na homa za kupe. Kwa bruselosi huchanganywa na dawa nyingine na kutumiwa kwa wiki sita au zaidi. Lakini hii si ruhusa ya kwenda kununua vidonge dukani. Dozi nusu huurudisha ugonjwa, mjamzito kwa kawaida hapewi dawa hiyo, na homa ya mgunda iliyokwisha fika kwenye ini na figo inahitaji kitanda cha hospitali. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukipungua, au damu ikitoka puani, usisubiri kesho.

Mgonjwa mwenye homa afike akiwa na majibu manne tayari, aulizwe au asiulizwe. Nyumbani tunafuga nini? Je, katika miezi michache iliyopita kuna mnyama aliyezaa, aliyetupa mimba au aliyekufa? Nani anasafisha banda, anachinja au analima mpunga? Je, tumekunywa maziwa mabichi?

Sentensi moja inatosha: "Daktari, kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu, homa ina siku nane, na mimi ndiye ninayesafisha banda la ng'ombe." Serikali inazungumzia mpango wa Afya Moja, unaotaka daktari wa watu na daktari wa mifugo wafanye kazi pamoja. Vipimo vitakapofika zahanati zote, kazi hiyo itakuwa nyepesi. Kwa sasa, anayejua habari za banda na za kitanda cha mgonjwa kwa pamoja ni wewe uliye nyumbani. Zitaje zote mbili.